Uliza Nani Anakaa Upande wa Pili wa Ukuta

Nyinyi vijana mnaouza laptop pale Mwanga, nawapita nikienda sokoni na nasikia mnavyoongea na wateja. Mtu hajaketi, mmeshamwambia ram ngapi, diski ngapi, toleo gani. Anaitikia kwa kichwa kama anayesomewa hati ya mahakama, kisha ananunua ile inayong'aa zaidi. Baada ya muda anairudisha akilalamika, na nyinyi mnasema watu wa Kigoma hawajui kununua.

Mimi nimeuza laptop mpaka macho yakanigomea. Sikuuza zile za kutajwa kwenye harusi. Niliuza za kuanzia, za bei ya chini, nyingi zikiwa za mtumba. Aliyenifundisha ni marehemu fundi Kizito, Muha wa Kasulu, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akiweka sikio juu ya mashine kabla ya kuifungua kama mkunga. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Mama Hadija, usimuulize mteja anataka laptop gani. Angejua asingekuja kwako. Muulize ataiweka wapi."

Nilidhani ananitania. Nikaja kuelewa siku alipokuja mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Alitaka mashine ya kuandikia mizigo yake, na mimi nilikuwa nimeshamfungia moja nzuri, yenye kasi. Kizito akamuuliza ataiweka wapi. "Juu ya magunia," akasema. Kizito akaifungua ile niliyoifunga, akamwonyesha feni inayovuta hewa kwa chini. "Hii itakula magamba na vumbi la dagaa mpaka ishibe, halafu itakufa." Tukamtafutia ndogo isiyo na feni kabisa, nzito kidogo kufungua mambo, tukaivalisha plastiki juu ya kibodi. Mpaka naacha kazi bado alikuwa nayo, na ilikuwa ikinuka kama mtumbwi.

Mwalimu wa Mwamgongo naye, kule ambako unafika kwa boti tu, alitaka ile kubwa ya kuchezea michezo kwa sababu mwenzake anayo. Nikamuuliza umeme. Akasema ana paneli moja ya jua. Ile mashine ingekunywa jua lote la siku na bado ingetaka la jirani. Akaondoka na ndogo, yenye chaja ndogo na betri tuliyoijaribu mbele yake. Binti wa uhasibu kutoka Ujiji, aliyetaka nyembamba ya kupendeza, nilimpa lile limashine zito la ofisini, lenye namba zake pembeni kulia, tukambadilishia diski. Aliponiona mtaani baadaye alikuwa bado amenuna. Akanuna mpaka kipindi cha mitihani, ndipo akaniletea maandazi.

Kuna jambo jingine Kizito alikuwa hafanyi nalo mzaha. Laptop ya mtumba inapofika, lazima uifute yote kabla hata ya kuipangusa vumbi. "Mteja asinunue mashine yenye watu ndani," alikuwa akisema. Bwana harusi mmoja aliwahi kutuletea aliyoinunua kwingine. Kila alasiri ililia kengele na kuandika maneno ya kigeni. Mkewe alikuwa amekataa kukaa nayo chumba kimoja. Tukatafsiri yale maneno kwa simu: ilikuwa inamkumbusha mtu kunywa dawa. Mtu fulani, mzee pengine, katika nchi ambayo hatutaifikia. Kizito aliitazama ile kengele ikilia mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Sasa nani anamkumbusha?" akasema. Kisha akaifuta.

Nimewaambia hayo ili mjue kwamba nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nilijua kuuliza ataiweka wapi, umeme upo, mikono yake ikoje. Na bado kuna swali sikulijua mpaka Mwalimu Anjelina aliponunua mashine yake.

Mwalimu Anjelina alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, kisha presha ya macho ikamchukua jicho moja, halafu la pili. Aliletwa dukani na dada yake, akiwa amevaa gauni lililopigwa pasi vizuri kuliko langu. Alikuwa akiishi Rusimbi, chumba na sebule, katika nyumba ya wapangaji. Alitaka kuandika maswali ya majaribio ya kuwauzia walimu wenzake: hesabu, sayansi, na vile vifungu vya ufahamu ambavyo mtoto husoma kisha akajibu maswali. Dada yake alikuwa ameshika kichwa. "Mama Hadija, nimemwambia anunue redio."

Sikumweleza ram wala diski. Nilimpangia laptop mezani, nikamwambia aziguse. Akazipitia moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole, polepole, kama anayechagua mchele. Zile nyembamba za kisasa, ambazo vitufe vyake vimelala kama sahani, alizisukuma. Akafika kwenye moja ya zamani, nzito, akatulia.

"Hii ina meno," akasema.

Nikamwonyesha vile vinundu viwili vidogo kwenye herufi ya F na ya J, ambavyo nyinyi hata hamjui kazi yake. Vidole vya shahada vikivipata hivyo, vingine vyote vinajua njia. Nikamwambia ukweli kwamba kioo chake kina doa kubwa jeusi kwenye kona, ndiyo maana ni ya bei ya chini.

"Doa hilo linakuhusu wewe," akasema, tukacheka.

Tukamwekea diski ya kasi, kwa sababu programu ya kusoma skrini ikikwama, asiyeona anakuwa amesimama gizani hajui kama amesikilizwa. Programu yenyewe ni ya bure, na ina Kiswahili. Nilipoiwasha mara ya kwanza, duka zima liligeuka. Ilikuwa sauti ya mwanaume, kavu, ya haraka, iliyotamka kila neno bila kupanda wala kushuka. Nilichukua muda kujua ni kitu gani ndani yake kilichonisumbua. Ile sauti haikuwa na pumzi. Mtu akisoma, unasikia anapovuta hewa. Huyu hakuvuta.

"Anasoma kama mkaguzi wa shule," Mwalimu Anjelina akasema. Alionekana kumpenda.

Mawili zaidi tuliyafanya siku ile. Tulizima mwanga wa kioo kabisa, kwani hakuwa na haja nao na betri ingedumu. Nikampa hedifoni, akanirudishia. "Macho yamekwenda. Nikiziba na masikio, mwizi akiingia nitamkaribisha chai." Niliona ana haki. Akaondoka na laptop yake, kioo cheusi kama usiku, ikisoma.

Ilikuwa kiangazi, wakati ule wanapochoma mashamba na moshi unashuka mpaka ziwani. Milima ya Kongo ilikuwa imepotea. Hata maji yenyewe, ukisimama Kibirizi, uliyaona mpaka kwenye boti za karibu, basi. Asubuhi moja mwenyekiti wa mtaa wa kule Rusimbi akanipigia simu. Alikuwa mtu mpole, tulisoma madrasa moja Ujiji.

"Mama Hadija, ile mashine uliyomuuzia mwalimu itamuua," akasema. "Njoo uwaeleze watu kabla hawajajieleza wenyewe."

Njiani, juu ya pikipiki, ndipo aliponipigia tena na kunisimulia. Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na mwalimu, alikaa Mama Tatu na binti yake Tatu, mtoto wa darasa la kwanza. Tokea jana yake mchana Tatu hakuwa ameonekana. Watu walikuwa wamemtafuta usiku kucha kandokando ya maji. Asubuhi, mama mmoja mpangaji akakumbuka. Siku zile zote, alasiri, kwa mwalimu kulikuwa kukisikika mwanaume akiongea, na mwalimu hana mwanaume. Na kabla mtoto hajapotea, yule mwanaume alikuwa akilitaja jina lake. Wapangaji wengine wakasema nao walisikia. Mmoja alikuwa amechungulia dirishani: akamwona mwalimu amekaa mbele ya mashine iliyozimwa, nyeusi, na mashine inamwambia kwamba Tatu hajarudi.

Mnajua watu wetu wakishaanza kulitamka neno uchawi. Sihitaji kuwaeleza.

Nilipofika, kimya kilinitisha kuliko kelele. Uani walijaa watu, wanawake wamekaa chini kama msibani, wanaume wamesimama. Jua lilikuwa juu lakini ndani ya moshi lilikuwa jekundu, unaweza kulitazama kwa macho. Mwalimu Anjelina alikuwa kwenye kiti mlangoni kwake, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwa watu asiowaona. Katikati ya uwanja, juu ya kigoda, ndiyo ile laptop. Mtu alikuwa ameimwagia chumvi kuizunguka.

"Mwakeye," nikasalimu kwa Kiha, kwa kuwa sikujua la kusema. Waliitikia wachache.

"Imezimwa?" nikauliza.

"Tangu tulipoitoa," kijana mmoja akajibu. "Si unaona kioo?"

Haikuwa imezimwa. Lakini kabla sijafungua mdomo, kuku aliyekuwa akidonoa ile chumvi akaruka juu ya kibodi.

"Ke," ikasema ile sauti. "Ke. Ke. Nafasi."

Sijawahi kuona uwanja ukiondoka watu namna ile. Wengine waliruka ua. Akabaki mwenyekiti, mwalimu, mimi, na kuku. Ningeweza kucheka, na baadaye nimecheka, lakini wakati ule nywele za mikono zilinisimama, mimi mwenyewe niliyeiweka ile sauti mle ndani.

Wakarudi kidogo kidogo. Nikawaeleza kila kitu. Kwamba kioo hakijafa, ni mwanga umezimwa. Kwamba mwalimu akiandika, mashine inamsomea alichoandika, herufi kwa herufi, kisha neno, kisha mstari, kwa sababu haoni. Kwamba yule mwanaume si mtu wala jini, ni programu, na wengi wasioona duniani wanaitumia. Niliona vichwa vikianza kukubali. Nikaona nimalize kazi. Nikabonyeza vitufe vya mwanga, kioo kikawaka.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa sababu maandishi yakaonekana, na mwenyekiti, akitaka kunisaidia, akayasoma kwa sauti ili wote wasikie hakuna kitu kibaya.

"Tatu alitumwa ziwani," akasoma. "Alibeba ndoo ndogo ya bluu. Jua lilizama. Mama yake alisimama mlangoni. Tatu hajarudi."

Hakukuwa na mstari mwingine, ila zile ke tatu za kuku.

"Kumbe kweli," mtu akasema nyuma.

Maelezo yangu yote yakageuka. Mwanzo walidhani mashine ndiyo iliyosema. Sasa nilikuwa nimethibitisha, mimi mwenyewe, kwamba aliyeyaandika maneno hayo ni mwalimu. Wanaume wakasogea. Mwalimu Anjelina alisikia nyayo, nikaona vidole vyake vikishika gauni.

"Ni kifungu cha ufahamu cha darasa la tatu," akasema. Sauti yake haikutetemeka. "Nilitumia jina lake kwa sababu anakuja kunisalimu kila siku. Anapenda mashine ikimtaja. Anacheka."

Kisha njia ikafunguka katikati ya watu, na Mama Tatu akapita. Alikuwa ametoka ziwani, kanga imelowa mpaka magotini, sauti imemkauka kwa kuita. Nilidhani atampiga. Akachuchumaa mbele ya kigoda, akakitazama kile kioo.

"Imeishia wapi?" akauliza.

"Hapo," mwalimu akasema. "Sikuwa nimemaliza."

"Basi maliza."

"Mama Tatu, hii ni hadithi ya mtihani."

"Najua. Nimefika la saba. Maliza."

Nilimletea mwalimu mashine mapajani. Vidole vyake vikatafuta vile vinundu viwili. Uwanja mzima ukasikia ile sauti isiyo na pumzi ikihesabu herufi chini ya vidole vyake: te, a, te, u. Kisha: Tatu. Kisha, neno baada ya neno, mstari mzima: "Tatu alirudi nyumbani."

"Andika lini," Mama Tatu akasema.

Vidole vikasimama. Niliweka mkono begani kwa mwalimu. Sote wawili tulielewa anachoombwa, na tulielewa vilevile kitakachompata asipoandika.

"Niandike lini?" akauliza.

"Leo. Kabla jua halijazama."

Akaandika. Mashine ikasoma. Na hakuna mtu aliyeondoka. Nilidhani watatawanyika, lakini walikaa chini ya kuta na pembeni ya ua, wakangoja. Wanaume waliokuwa wamesogea hawakurudi nyuma. Mwenyekiti alinivuta kando akaninong'oneza kwamba ameshapiga simu kituo cha polisi na gari lipo mbali. Nikaingia ndani kukaa na mwalimu.

Alinipikia chai, yeye asiyeona, mimi nikimtazama tu. Aliniuliza mara kadhaa jua liko wapi. Nilichungulia na sikuweza kumjibu vizuri. Moshi ulikuwa umezidi, lile duara jekundu lilififia likawa kama sarafu ya shaba ndani ya maji, kisha likapotea kabisa, likiwa bado juu ya mahali panapopaswa kuwa na milima. Mchana ulibaki, lakini jua halikuwapo. Nje nikasikia mtu anauliza, "Limezama?" na mwingine akajibu, "Sijui." Wakasimama. Mwalimu naye alisikia. Akainuka, akanyoosha gauni lake, akarudi kukaa kiti cha mlangoni. Alisema hataki wamkute ndani.

Tatu alikuja kwa njia ya chini, ile inayotoka barabara ya Kibirizi. Alikuwa ameshikwa mkono na bibi yake, mama wa baba yake, na mkononi mwingine amebeba migebuka imefungwa kwa kamba. Watu walimpisha kama wanavyopisha jeneza. Mama yake hakukimbia. Alibaki palepale alipochuchumaa tangu asubuhi, mpaka mtoto alipomfikia na kumwekea samaki mapajani.

Bibi akaeleza. Mtoto aliteremka Mwamgongo jana yake, katikati ya magunia, mwenye boti alidhani ni wa abiria fulani. Yeye bibi simu yake haikuwa na chaji, na mtandao kule wenyewe mnaujua. Asubuhi na mapema alipanda naye boti kumrudisha, injini ikawasumbua njiani.

Mama Tatu akapata sauti. "Nani alikutuma ziwani?"

"Yule baba," Tatu akasema.

"Baba yupi?"

Mtoto akanyoosha kidole mlangoni kwa mwalimu, kwenye mashine. "Alisema Tatu alitumwa ziwani. Nikaenda. Nikawafuata kina mama wa dagaa. Sikuwa na ndoo, sasa nikaona boti ya kwenda kwa bibi."

Nilimtazama Mwalimu Anjelina. Sitaki kuusimulia uso wake.

Mimi nimefanya hesabu yangu na naishikilia. Boti ilikuwa imeshaondoka Mwamgongo kabla mwalimu hajaandika ule mstari. Mtoto alikuwa njiani wakati sisi tunasikiliza herufi. Nimemwambia Mama Tatu hivyo mara nyingi. Ananisikiliza kwa heshima, kisha anasema, "Lakini aliandika kabla jua halijazama, na alikuja kabla halijazama." Hata kama jua lenyewe hakuna aliyeliona.

Kwa hiyo vijana, ongezeni swali hili. Mkishajua mteja ataiweka wapi mashine yake, muulizeni nani anakaa upande wa pili wa ukuta. Kama mashine inaongea, nendeni mkawasikilizishe majirani kabla mwenyewe hajaanza kuitumia. Watoto waishike. Waacheni wazee waitukane kidogo. Mimi tangu hapo nilikuwa nikifanya hivyo, na nimewauzia wasioona wengine, Gungu na Ujiji, hakuna aliyemwagiwa chumvi.

Mwalimu naye akaacha kutumia majina ya watu anaowajua. Watoto wa kwenye maswali yake wakawa na majina ambayo hujawahi kuyasikia Kigoma. Tulidhani yameisha.

Hayakuisha. Wale wale waliokuwa uwanjani siku ile wakaanza kuja mlangoni kwake, mmoja mmoja, kwa adabu. Shikamoo mwalimu, mume wangu yuko Kongo hapigi simu, mwandikie arudi. Mwalimu, mtoto ana homa, andika amepona. Wanamletea mihogo, mawese, kuku. Aliwarudisha wote na vitu vyao. Aliniambia, "Mama Hadija, siku walipotaka kunichoma niliogopa kidogo. Hawa nawaogopa zaidi."

Siku moja mchana akanipigia nije nikae naye. Nilimkuta na mama mmoja wa Kibirizi, Bi Zaina, mtu mzima, amekaa mkekani, miguu ameikunja vizuri. Mwanawe Hamisi alikuwa amekwenda kuvua dagaa na boti ikapatikana inaelea bila mtu. Hilo lilikuwa limetokea zamani kiasi kwamba wenzake Hamisi walishaoa, na wengine wameshazaa. Bi Zaina hakuwahi kukubali kuweka matanga.

"Nimerudishwa kutoka mlango huu mara nyingi," akaniambia bila hasira. "Leo sitoki."

Mwalimu Anjelina akauliza Hamisi alikuwa mtu wa namna gani. Bi Zaina akasema: mrefu, mcheshi, hapendi ugali uliopoa, akilala anaacha mguu mmoja nje ya shuka. Mwalimu alisikiliza yote. Akaivuta mashine karibu, akatafuta vinundu. Nilitaka kumshika mkono, nikajizuia.

Alianza kuandika. Sauti ikafuata vidole vyake, herufi kwa herufi, na Bi Zaina akaisogelea, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayekinga maji. Kisha mwalimu akabonyeza ili isome yote kwa pamoja.

"Hamisi alikwenda kuvua," ikasema ile sauti kavu. "Hamisi hakurudi."

Nilifumba macho. Nilingoja kilio.

"Rudia," Bi Zaina akasema.

Mwalimu akabonyeza. Hamisi alikwenda kuvua. Hamisi hakurudi. Haikupanda wala kushuka, haikumwonea huruma, haikuvuta pumzi kabla ya jina lake.

"Tena."

Ikasoma tena. Bi Zaina alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza mpaka neno la mwisho. Nje watoto walikuwa wakicheza.

"Wote wananiambia tusubiri, Mungu ni mkubwa," akasema hatimaye. "Mwenyekiti, shehe, ndugu zangu. Hakuna aliyewahi kunitamkia."

Akaomba maji, akanywa. Akajifunga kanga vizuri, akatuaga sote wawili kwa mkono, na mlangoni akageuka akasema kesho tufike kwake baada ya adhuhuri, kutakuwa na hitima.

Tulikwenda, mwalimu ameshika bega langu. Ubani ulikuwa umeshawashwa na mikeka imetandikwa. Jirani yake alituambia kwamba miaka yote Bi Zaina alikuwa akipakua sahani ya Hamisi kila jioni na kuifunika, asubuhi anaimwaga. Siku ile tulikuta sahani hiyo ameiweka katikati ya watoto wa mtaa, ugali bado unatoka moshi, na anawahimiza wale kabla haujapoa.